King'ora kimelia, mwizi hakuna. Faini alipe nani?

#1 Kofia_Nyekundu (mleta mada)

Wakuu salaam.

Nina ghala dogo la karatasi na wino wa kuchapishia. Lina king'ora cha wizi kilichounganishwa na kampuni ya ulinzi. Kikilia wanapata ishara, wananipigia, nisipopokea wanaita polisi. Jana nimeletewa barua ya halmashauri. Inasema mwaka huu polisi wamekuja ghalani kwangu mara tatu, na mara zote hawakukuta mtu wala dalili ya kuvunja. Kwa hiyo kwa mujibu wa sheria ndogo ya ving'ora natakiwa kulipa faini ndani ya siku 30. Ikitokea mara ya nne faini inapanda. Ikifika ya sita nafutwa kwenye orodha, polisi hawaji tena mpaka nipeleke cheti cha fundi.

Sasa nisikilizeni. Nalipa kodi, na polisi wanalipwa kutokana na kodi hiyo. Nalipa kampuni kila mwezi. Leo nalipa na faini kwa sababu mashine niliyouziwa imeona mzimu. Mbona aliyeniuzia hajaletewa barua? Na jirani yangu ambaye mlango wake unafungwa kwa kamba hadaiwi kitu.

Kuna aliyewahi kupambana na hizi barua akashinda?

#2 Mkono_wa_Birika

Lipa. Halmashauri ikikudai haina usingizi.

#3 Zamu_ya_Usiku

Pole Kofia. Nimekaa miaka tisa kwenye chumba cha kupokea ishara za ving'ora, zamu ya usiku, kwa hiyo lawama za pande zote nazijua.

Tuanze na namba tusije tukabishana hewani. Wizara ya Sheria ya Marekani ina mwongozo iliowaandalia polisi kuhusu tatizo hili hili. Unasema kati ya asilimia 94 na 98 ya miito ya ving'ora vya wizi ni hewa. Rudia kusoma. Kila mwito unakula kama dakika 20 za askari, na kwa kawaida wanakwenda wawili. Zidisha kwa mji mzima, kila usiku. Sijui kazi nyingine ambayo unatumwa mara 100, mara 95 unarudi mikono mitupu, halafu ile moja ya kweli unaulizwa mbona umechelewa.

Na chanzo? Mnapenda kusema mashine. Kwenye skrini yangu mzimu mkubwa alikuwa binadamu. Msafishaji kapewa ufunguo, hakupewa namba ya siri. Bosi karudi saa nne usiku kufuata chaja ya simu, kasahau kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewasha king'ora. Mmoja nilimpigia, nikamwomba neno la siri ili nisiite polisi. Akaniuliza, "Wewe nani unataka siri zangu?" Akakata. Nikaita polisi. Walimkuta kwenye kiti chake, king'ora kinapasua masikio, anamalizia kuandika barua pepe. Baada ya wiki mbili akaandikiwa barua kama yako, na akapiga simu kutulalamikia sisi.

#4 Fundi_Waya

Zamu unawatetea waajiri wako mpaka huku. Binadamu ana makosa yake, nakubali. Ila mimi ndiye ninayeitwa asubuhi na ngazi yangu, na ninayoyakuta huko juu wewe kwenye skrini huyaoni.

Sensa za mwendo zinazofungwa sehemu nyingi hazioni mtu. Zinaona joto linalohama. Pale mbele kuna kioo cha plastiki chenye mistari mistari, kila kipande ni kama jicho linalotazama upande wake. Joto likitoka kwenye jicho hili kwenda jingine, sensa inasema kuna mtu. Sasa kaifunge inatazama dirisha la jua, au mdomo wa kiyoyozi, uone. Mafundi wengi wanafunga kwenye kona ambayo waya umefika, basi. Kona inayofaa iko ng'ambo ya pili na yeye ana haraka.

Halafu kuna wadudu. Buibui akitembea juu ya kile kioo, kwa sensa ni sawa na tembo kapita chumbani. Kuna moja niliifungua nikakuta utando umejaa ndani, vifuko viwili vya mayai na mkia wa mjusi uliokauka. Mwenye jengo alikuwa keshalipa faini mbili na amemfukuza mlinzi.

Kofia, mara zote tatu ilikuwa saa ngapi?

#5 Kofia_Nyekundu

Barua inasema 9:10, 9:40 na 9:25 usiku. Wiki tofauti.

#6 Kunguru_Mkavu

Saa tisa usiku, mara tatu, mtu haonekani. Mkuu hapo fundi hana kazi.

#7 Asali_Chungu

Mimi nilijua sensa ilishapita, nilihesabiwa na familia yangu yote. Kumbe wanahesabu na buibui.

#8 Mpangaji_wa_Juu

Naomba kuchomekea suala la kengele za moto maana nahisi ni ndugu moja.

Jengo tunaloishi lina vitambua moshi kila chumba, vimeunganishwa moja kwa moja na zimamoto. Mtu akioga maji ya moto mlango wazi, kengele. Mtu akiunguza kikaango, kengele. Wakipuliza dawa ya mende, kengele. Wiki ya kwanza tulishuka wote, watoto mgongoni, hati mkononi. Mwezi wa pili tulikuwa tunashuka nusu. Sasa hivi hakuna anayeshuka. Tunachungulia dirishani tu kuona kama gari jekundu limefika, likifika tunasema "wamekuja tena", tunaendelea na shughuli.

Wenye jengo wakaanza kutozwa kwa kila mwito hewa, wao wakaturushia sisi kwenye ada ya huduma. Unajua watu walifanya nini? Nilikwenda kuazima pasi chumba cha pili, nikainua macho. Kitambua moshi kimevalishwa soksi. Soksi ya mtoto, ya bluu, imefungwa na mpira wa kufungia nywele. Nikamuuliza, akaniambia nyumba nane za sakafu yetu zimevalishwa.

#9 Kunguru_Mkavu

Ya kwako ni ya rangi gani?

#10 Mpangaji_wa_Juu

Kunguru niache. Nyeupe.

#11 Koti_la_Zimamoto

Mpangaji, nimesoma post yako ya #8 mara mbili na si kwa kuipenda. Niko zimamoto. Hiyo soksi nimeshaikuta kwenye jengo lililoungua kweli.

Naomba tusizichanganye hizi kengele mbili. Mwizi akichelewa kukamatwa umepoteza mali. Moto una dakika chache tu kabla moshi haujajaza chumba, na watu wakiwa wamelala hawausikii kwa pua. Marekani takriban vifo vitatu kati ya vitano vya moto wa majumbani hutokea kwenye nyumba ambazo hazina kitambua moshi, au kipo lakini hakifanyi kazi. Na sababu kubwa ya kutofanya kazi ni kwamba mtu kachomoa betri, au kakiondoa kwa kuchoshwa na kelele. Kwa hiyo halmashauri ikimtwanga faini mwenye nyumba kwa kila kikaango kilichoungua, inamnunulia soksi.

Pili, mengi ya hayo yana dawa ambayo si faini. Kuna vitambua moshi vya aina mbili kuu. Kimoja kina chembe ndogo sana yenye mionzi ndani yake, kinawahi moto wa ndimi kali, lakini moshi wa jikoni kinauchukia mno. Kingine kinatumia mwanga, moshi ukiingia unatawanya mwanga, hicho kinawahi moto unaofukuta taratibu kama wa godoro, na jikoni kinasumbua kidogo. Jikoni kwenyewe huweki kitambua moshi, unaweka cha joto. Kilichofungwa karibu na mlango wa bafu kinahamishwa. Gharama ya kuhamisha na gharama ya miito kumi hewa ya gari zima la zimamoto, mtapiga hesabu wenyewe.

Tatu, wenzetu wamejaribu njia ya katikati. Scotland, tangu Julai 2023, zimamoto hawatoki kwa kengele ya kujiendesha kwenye majengo ya biashara mpaka mtu aliyepo athibitishe kuna moto. Lakini hospitali, hoteli, nyumba za wazee, yaani kila mahali watu wanapolala, wamewekwa nje ya utaratibu huo. London nao walianza Oktoba 2024, majengo mengi ya biashara kati ya saa 1 asubuhi na saa 2:30 usiku, hawaji mpaka mtu apige simu kuthibitisha. Usiku wanakuja kama kawaida.

Toa soksi.

#12 Mpangaji_wa_Juu

Nimetoa, mkuu. Ahsante. Ila leo naoga maji ya baridi.

#13 Wakili_wa_Kijiweni

Turudi kwenye hoja ya Kofia kabla uzi haujahamia bafuni.

Kisheria halmashauri ina nguvu ya kutunga sheria ndogo kuhusu jambo lolote linalosumbua umma, na king'ora kinacholia ovyo kinasumbua umma hata polisi wasipokuja. Uliza majirani. Kwa hiyo swali la haki yao kutoza faini limekufa. Kilichobaki ni swali la nani abebe.

Na mjue mnaolalamikia faini mna bahati. Marekani polisi hawaji kabisa siku hizi kwenye ving'ora vya wizi, wameacha.

#14 Zamu_ya_Usiku

Wakili hapo umeteleza. Marekani haina utaratibu mmoja wa nchi nzima kwenye hili, kila mji una wake. Sehemu nyingi bado wanakuja na bado wanatoza faini baada ya mwito hewa wa kwanza au wa pili.

Unachokisema ni ule utaratibu wa uthibitisho kwanza. Las Vegas walianza mapema, miaka ya mwanzo ya 1990. Unaojulikana zaidi ni wa Salt Lake City, mwaka 2000. Mlinzi wa kampuni anakwenda kwanza, au mtu aliyepo anaona kwa macho, ndipo polisi wanaitwa. Miito ya ving'ora iliyofika polisi ikapungua kwa takriban asilimia 90. Toronto, Kanada, wakaingia 2018. Seattle Oktoba 2024. Na hata huko, ukibonyeza kitufe cha dharura kwamba umevamiwa, polisi wanakuja bila kusubiri uthibitisho wa mtu. Kinachosubirishwa ni king'ora cha kujiendesha cha jengo tupu.

Uingereza wana njia yao. King'ora kinasajiliwa, kinapewa namba yake. Ili polisi watoke haraka inatakiwa ishara zaidi ya moja, kwa mfano sensa mbili tofauti zione kitu kwa kufuatana. Ukileta miito hewa mitatu ndani ya miezi 12, huduma inaondolewa mpaka urekebishe. Barua ya Kofia inafanana na hiyo, wameongeza faini tu juu yake.

#15 Wakili_wa_Kijiweni

Nimesahihishwa, nimekubali. Kijiweni huwa hatuna maktaba.

#16 Kofia_Nyekundu

Zamu, huo utaratibu wa mlinzi wa kampuni kwenda kwanza unanitisha. Mlinzi hana silaha, hana mamlaka, anafika na tochi. Akikuta watu wanne ndani? Na yule ambaye kampuni yake haina walinzi wa gari, inapokea ishara tu, yeye aende mwenyewe na nguo za kulalia?

Hapa naona mzigo unatolewa kwa polisi unapewa mtu wa mshahara mdogo.

#17 Zamu_ya_Usiku

Hilo sina jibu lake. Dallas walijaribu 2006 kwa majengo ya biashara, malalamiko yakawa mengi, baadaye wakarudi nyuma.

Ila na wewe jiulize, huo mzigo ulikuwa wa nani mwanzoni? Kampuni inakuuzia ahadi ya "tunaita polisi", lakini polisi si wake. Mimi mwenyewe nilikuwa nalipwa kubonyeza namba ya simu ya watu wengine.

#18 Mama_Njiwa

Hodi wenyeji. Nimesoma kimya tangu asubuhi, mngoje niwape ya kwetu.

Kaka yangu alikuwa na ofisi ya kutengeneza kompyuta. King'ora kikaanza kulia usiku. Usiku wa kwanza polisi wakaja, hakuna kitu. Usiku wa pili hivyo hivyo. Wa tatu walichelewa. Wa nne kampuni ikampigia, akawaambia msiwasumbue tena askari, nitaleta fundi Jumatatu. Akakizima kabisa, maana na yeye alikuwa ameshapewa onyo la faini.

Jumapili usiku wakabeba kila kitu. Wamechukua mpaka bisibisi. Fundi alipokuja Jumatatu akatuonyesha dirisha la nyuma. Chini ya fremu kulikuwa na alama kama za kugongwa na kitu kizito kilichofungwa kitambaa, nyingi, zimepangana mahali pamoja. Walikuwa wanakuja wanagonga, king'ora kinalia, wanakaa mbali wanahesabu polisi wamefika baada ya dakika ngapi. Kila usiku.

Kwa hiyo Kofia hiyo saa tisa yako mara tatu, mimi isingenifanya nicheke.

#19 Kunguru_Mkavu

Dada umenikosesha raha. Nafuta utani wangu wa #6.

#20 Bundi_Mchana

Alichosema Mama Njiwa ndicho kinachonikera na hizi takwimu za asilimia 94 hadi 98. Neno "hewa" linamaanisha nini? Ukisoma taarifa nyingi, linamaanisha polisi walifika hawakukuta mtu wala alama. Sasa mwizi kasukuma mlango, king'ora kimelia, kakimbia. King'ora kimefanya kazi yake kwa asilimia mia. Kwenye kitabu cha polisi kimeandikwa hewa na mwenye jengo anapewa barua.

Wale wagonga dirisha nao waliandikwa hewa, kila mara polisi walipofika.

#21 Zamu_ya_Usiku

Bundi hoja yako ni ya kweli na watu wa kampuni wanaipenda sana, wanaitoa kila kikao. Lakini usiivimbishe. Ukiniambia katika 95 hizo tano au hata kumi zilikuwa wezi waliokimbia, nakubali. Nusu yake siwezi kukubali. Nilikuwa napiga simu na kuongea na wenyewe. "Samahani, ni mimi." "Samahani, ni mtoto." "Samahani, puto." Ndiyo, puto. Sherehe ya ofisi imeisha, maputo yameachwa yanaelea, usiku feni ya dari inayasukuma mbele ya sensa.

#22 Fundi_Waya

Puto lina joto gani, Zamu? Nimesema #4 sensa inaona joto. Puto likikaa chumbani linakuwa na joto lile lile la chumba.

#23 Zamu_ya_Usiku

Sijui joto lake. Najua walilitoa na kelele zikaisha.

#24 Fundi_Waya

Kama lilipita kati ya sensa na dirisha au ukuta wenye joto tofauti, sawa, hapo inawezekana. Au ilikuwa sensa ya mawimbi, ile inayoona mwendo bila kutegemea joto. Nimekubali nusu.

#25 Mkono_wa_Birika

Nyote mnazunguka. Ni pesa. Halmashauri imegundua kwamba kila jengo lina king'ora na kila king'ora kitalia siku moja. Chanzo cha mapato hicho, kama maegesho.

#26 Karani_Mstaafu

Vijana hamjambo. Kabla sijastaafu hizo barua zilikuwa zinapita mezani kwangu, halmashauri gani haina umuhimu.

Birika, laiti ingekuwa hivyo. Sehemu kubwa ya barua zilikuwa zinarudi. Jengo limehama mpangaji, namba ya simu iliyosajiliwa ni ya meneja aliyeondoka miaka mitatu nyuma, anwani ni ya fundi aliyefunga. Anayelipa analipa nusu, anayekata rufaa anakula saa za watu watatu. Tulichokusanya kilikuwa hakilipi hata karani mwenyewe, na karani nilikuwa mimi.

Kilichosaidia kwetu kilikuwa kitu kidogo ambacho hakina jina kubwa: usajili. Huna kibali cha king'ora, hupati huduma. Ili upate kibali unaandika namba mbili za simu za watu wenye ufunguo, na kila mwaka unazihakiki. Kampuni ikalazimishwa kupiga namba zote mbili kabla ya kuita polisi. Yule bosi wa Zamu anayemalizia barua pepe asipopokea, msaidizi wake anapokea. Mwaka huo nilianza kuondoka ofisini mapema.

Faini ilikuwa ya kumfanya mtu atafute fundi. Mara ya kwanza tulikuwa hatutozi, tunaandika onyo na kipeperushi. Kipeperushi hicho nilikiandika mwenyewe na hakuna aliyewahi kukisoma.

#27 Asali_Chungu

Shikamoo mzee. Tungekisoma.

#28 Karani_Mstaafu

Marahaba. Msingekisoma.

#29 Wakili_wa_Kijiweni

Safari hii nimekwenda maktaba kwanza. Kofia umeuliza mbona aliyekuuzia hajapewa barua. Kuna mji unaitwa Sandy Springs, jimbo la Georgia, Marekani, walifanya hivyo hivyo. Faini ya mwito hewa wakaipeleka kwa kampuni ya king'ora badala ya mteja. Kampuni zikaenda mahakamani kudai kwamba kuzitoza kwa kosa la mteja ni kinyume cha katiba. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikakataa madai yao. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: kampuni ndiyo inayopiga simu, na ina njia nyingi za kupunguza makosa, ikiwemo kumfundisha mteja wake.

Kwa hiyo inawezekana kisheria. Kama halmashauri yako inataka ni jambo jingine.

#30 Mkono_wa_Birika

Na kampuni itachukua wapi ya kulipa? Itaipandisha kwenye bili ya Kofia. Atalipa yeye yule, na asiyekosea atamlipia anayekosea.

#31 Bundi_Mchana

Afadhali hivyo, Birika. Kampuni ikiumia mfukoni itaacha kufunga sensa kwenye kona yenye waya.

#32 Fundi_Waya

Bundi hapo umenigusa nikiwa natabasamu. Niseme na la kwetu mafundi. Kuna kiwango cha Marekani cha paneli za ving'ora, yale masanduku yanayopokea ishara za sensa zote, kinaitwa CP-01, lengo lake ni kupunguza miito hewa tu. Kinataka muda wa kutoka baada ya kuwasha usipungue sekunde 45, muda wa kuingia usipungue sekunde 30, na kuwe na muda mfupi wa kughairi kabla ishara haijatoka. Sekunde hizo tu. Lakini mteja anakuja anasema "sekunde 45 nyingi, mwizi atamaliza kazi, weka 10". Tunaweka 10. Wiki inayofuata mama mwenye mizigo mikono miwili hajaufikia ukuta wenye namba, king'ora kimepaa.

#33 Koti_la_Zimamoto

Muda wa kughairi kwa wizi sawa. Kwa moto msithubutu kumwongezea mtu aliyelala sekunde za kufikiri.

#34 Fundi_Waya

Hakuna aliyesema moto, Koti.

#35 Koti_la_Zimamoto

Nawajua mafundi, ndiyo maana nasema.

#36 Kofia_Nyekundu

Wakuu nimerudi. Nawashukuru wote, na mzee Karani pia.

Kwanza nimeangalia dirisha na mlango wa nyuma kwa sababu ya Mama Njiwa. Nimepitisha kidole fremu nzima. Hakuna alama, vumbi la miezi liko palepale.

Pili nimepanda ngazi kuangalia sensa ya ndani kama alivyosema Fundi. Buibui yupo. Mdogo, wa miguu mirefu, amekaa pembeni ya kioo kama analipwa. Nikapiga picha, nikamfuta, nikashuka nimefurahi. Nikasema rufaa yangu ni picha ya buibui.

Halafu nikakumbuka kampuni wanaweza kutoa kumbukumbu ya matukio. Wamenitumia jioni hii. Mara zote tatu iliyoanza ni zoni 4, yaani sehemu ya king'ora yenye namba hiyo. Sensa ya buibui kwenye karatasi yao ni zoni 2. Zoni 4 imeandikwa "mlango wa stoo". Huo mlango una ile sumaku ya juu inayotoa ishara mlango ukifunguka. Nimeusukuma kwa kidole, unacheza kama nusu inchi, na taa ya paneli inawaka. Sasa ni upepo wa saa tisa? Ni lori la taka linalopita usiku likitikisa ukuta? Au kuna mtu anausukuma?

Fundi nikazie sumaku, nikate rufaa, au vyote?

#37 Kunguru_Mkavu

Kwa hiyo buibui kafutwa bila kosa.

#38 Mama_Njiwa

Mlango wa stoo unatazama wapi, ndani au nje?

#39 Fundi_Waya

Kabla hujagusa sumaku ngoja. Hiyo zoni 4 umeisoma kwenye karatasi ya kampuni au kwenye stika iliyobandikwa ndani ya mfuniko wa paneli? Nauliza kwa sababu mara nyingi aliyefunga anabadilisha waya siku ya mwisho na karatasi ya ofisini haibadilishwi. Nimeshakuta "mlango wa mbele" ambao ulikuwa sensa ya darini. Taa kuwaka tu haitoshi, angalia ni taa namba ngapi iliyowaka ulipousukuma.

#40 Kofia_Nyekundu

Sikuangalia namba. Funguo za ghala ninazo, naenda sasa hivi.

#41 Zamu_ya_Usiku

Wapigie kampuni kwanza uwaambie unaingia.